Mama Da-sol na Huduma za Chinichini

Katika jengo namba tatu la mtaa wa Sangbong, mjini Jinju, Korea Kusini, Seol Bok-nim hakuitwa Bok-nim na mtu yeyote ila mumewe, tena siku za ugomvi tu. Kwa wengine wote alikuwa Mama Da-sol. Alikuwa amepika chakula cha mchana katika shule ya msingi kwa miaka ishirini na saba, wali wa watoto mia sita kila siku, na mtu aliyezoea kuinua masufuria ya namna ile hatishiki upesi.

Alipostaafu akiwa na miaka hamsini na tisa, aliapa kwamba atakuwa analala mpaka saa mbili asubuhi. Aliweza siku nne. Siku ya tano aliamka saa kumi na moja alfajiri, akasugua veranda, akatengeneza kimchi, achari kali ya figili, ya kulisha kituo kizima cha polisi, kisha akakaa na kumkodolea macho mumewe.

"Usinitazame hivyo," Hwang Ki-tae alisema. "Mimi si veranda."

Ki-tae alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha hariri, na ingawa umri wake wa kustaafu ulikuwa umeshapita, kiwanda kilikuwa bado kinamwita siku tatu kwa wiki. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa mali yake. Ilikaa pembeni mwa sebule, imefunikwa kitambaa kama biharusi, na sheria yake ilikuwa moja tu: usiguse. Hata Jumapili, walipoongea na binti yao Da-sol aliyekuwa anafundisha huko Polandi, Ki-tae ndiye aliyeiwasha, Ki-tae ndiye aliyekaa kitini, na mama mtu akachungulia begani kama jirani aliyekuja kuazima chumvi.

Shida ni kwamba mashine ilikuwa imeingiwa na uvivu. Jumapili moja ya Januari, Bok-nim alitia mchele kwenye jungu la umeme wakati uleule mumewe anabonyeza kitufe cha kompyuta. Wali uliiva kwanza. Da-sol alipotokea hatimaye kwenye kioo, alikuwa ameganda, mdomo wazi, kama samaki juu ya barafu.

"Mama, mna... sikia... ma..."

Ki-tae akalipiga kofi lile boksi. "Imezeeka. Tutanunua nyingine."

"Na mimi nikizeeka?"

"Wewe wanakuuza wapi?"

"Hebu niambie," Bok-nim alisema, "muda wote huu inanguruma. Inafanya nini?"

"Inafikiri."

"Inafikiri nini, na hakuna aliyeiuliza kitu?"

Swali hilo ndilo lililompeleka Bok-nim, Jumanne iliyofuata, kwenye darasa la kompyuta la wazee katika ofisi ya mtaa. Mwalimu alikuwa binti mmoja aitwaye Bang Su-jin, mwenye sauti iliyokwaruza kwa kurudia jambo lilelile kila wiki: jinsi ya kutuma picha ya mjukuu. Alipouliza kama kuna mwenye swali, Mama Da-sol akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nataka kujua mashine inafanya nini wakati hakuna aliyeituma."

Su-jin akaweka chini kalamu yake. "Mama, nafundisha hapa mwaka wa tatu huu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo."

Akamfungulia ukurasa wenye orodha ndefu, mstari juu ya mstari. Kila mstari, alieleza, ni huduma: programu ndogo isiyo na sura wala kitufe, inayoamka yenyewe mashine ikiwashwa na kufanya kazi chinichini bila kuonekana. Moja inashughulikia sauti. Nyingine inapanga foleni ya kuchapa karatasi. Nyingine inalinda saa isikosee. Na mbele ya kila moja pameandikwa namna inavyoamka: ianze yenyewe, ianze ikiitwa, au imezimwa kabisa.

"Kama jikoni kwetu shuleni," Bok-nim alisema. "Mtoto anaona sinia tu. Mpishi hamwoni."

"Haswa, Mama."

"Basi ngoja nikahesabu wapishi wangu."

Kesho yake Ki-tae alipokwenda kiwandani, Bok-nim aliondoa kile kitambaa, akavaa miwani, akahesabu. Walikuwa mia mbili thelathini na mmoja. Wengine ni wenyeji halali, kazi yao inajulikana. Lakini kila benki waliyowahi kulipia kitu kupitia mashine ile ilikuwa imeacha askari wake: mmoja wa kulinda herufi unazobonyeza, mmoja wa kukagua anayeingia, na mmoja wa kuwalinda hao wawili. Benki mbili kati ya hizo walizihama Da-sol akiwa bado sekondari, ila askari wake walikuwa bado langoni, wanakula. Kulikuwa na huduma iliyosubiri usiku na mchana printa iliyokwisha tupwa miaka mitatu iliyopita. Kulikuwa na tano ambazo hata Su-jin, alipoonyeshwa majina yake, alijikuna kichwa.

Bok-nim hakuparamia. Kila siku mumewe alipokuwa kiwandani alichukua chache, moja baada ya nyingine. Anaibadilisha iwe ya kuitwa, anaizima mashine na kuiwasha upya, anatazama. Kama hakuna kilicholia, anaendelea. Wale askari wa benki zilizohamwa aliwaondoa kabisa pamoja na programu zao, kwa sababu Su-jin alikuwa amemwonya: ukiwazima tu, kesho wanaamka tena kama hawakuambiwa kitu.

Jumapili ya nne Ki-tae alibonyeza kitufe, akaenda chooni kama desturi, maana alijua muda anao. Aliporudi alikuta binti yake ameshatokea kwenye kioo, anacheka mpaka machozi.

"Baba! Mkanda unaufungia mbele yangu?"

Ki-tae akajifunga haraka haraka, akamgeukia mkewe. "Umeigusa."

"Nimeigusa."

Ki-tae akaketi mezani. Alikula wali wake, akanywa supu yake, akaosha hata bakuli lake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida. Lakini jioni ile ile alishuka kucheza karata na wenzake, na kabla ya kupanda tena ngazi, majengo yote matatu yalikuwa yanajua kwamba mke wa Ki-tae amefukuza walaji mia moja na kumi kutoka ndani ya kompyuta.

Basi simu zikaanza. Mama Da-sol, njoo unitazamie ya kwangu. Mama Da-sol, mwanangu ananiambia ninunue mpya, njoo kwanza. Fedha hakupokea, kwa hiyo watu walimpa walichokuwa nacho: majani ya ufuta yaliyokolezwa sosi ya soya, viazi vitamu, na siku moja pweza mzima ndani ya ndoo, ambaye alimtoka Ki-tae mikononi na kufika mpaka chini ya kabati la viatu.

Wahenga walinena, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwezi wa pili haujaisha, Bok-nim alikuwa hazimi tena moja moja. Alizima kumi kwa mkupuo, mkono mmoja kwenye kipanya, mwingine kwenye kikombe cha chai ya shayiri, mdomo ukiendelea na habari za lifti iliyoharibika.

Ndivyo alivyoingia nyumbani kwa Mzee Pyo Sang-muk, ghorofa ya nne.

Mzee Pyo alikuwa na miaka sabini na nane. Alikuwa karani wa mahakama maisha yake yote ya kazi, na alikuwa anazungumza bado kama vile kila neno litaingia kwenye jalada. Masikio yake yalikuwa yanafifia mwaka baada ya mwaka, na nje alitembea na vifaa vya kusaidia kusikia. Ila nyumbani, kila asubuhi saa tatu, alivitoa, akavaa vipokea sauti vikubwa vya kufunika masikio, akavichomeka kwenye kompyuta na kusikiliza zile nyimbo ndefu za hadithi, mwimbaji mmoja na ngoma moja, saa mbili nzima. Hakuwa na televisheni. Hakuwa na starehe nyingine, ukiacha bao la mawe meusi na meupe katika ukumbi wa wazee.

Bok-nim alizima huduma arobaini kwa nusu saa. Mashine ikawaka upesi, mzee akapiga makofi, akamfungia matunda yaliyokaushwa kwenye gazeti. Wakaagana vizuri.

Asubuhi yake Mzee Pyo alivaa vipokea sauti. Kimya. Akaongeza sauti. Kimya. Akaongeza mpaka mwisho. Kimya cha kaburi.

Mtu mwingine angeshuku mashine. Lakini mtu ambaye masikio yake yanakufa taratibu kwa miaka kumi, na daktari keshamwambia ajiandae, hashuku mashine. Alivua vile vipokea sauti, akaviweka mezani, akakaa. Akaona siku imefika. Kesho yake alijaribu tena, na keshokutwa tena. Kweli, birika lilipochemka alisikia kitu kwa mbali, lakini akajiambia hayo ni makombo, nayo yatakwisha. Hata vile vifaa vyake vya nje akaacha kuvivaa. Ukumbini hakwenda. Kengele ya mlango ilipolia, hakufungua, maana hakuisikia.

Siku ya sita Bok-nim alikutana naye pale wanapotenganisha takataka.

"Mzee Pyo! Kompyuta inakimbia?"

Mzee akagusa sikio lake, akatikisa kichwa, akapita na boksi lake la chupa.

"Maskini wa Mungu," Bok-nim alimwambia mumewe jioni. "Masikio yameondoka kabisa." Na kwa huruma akampikia supu ya soya yenye uyoga, akaiacha mlangoni kwake.

Siku ya tisa mkwe wa Mzee Pyo alikuja kutoka Busan, akamkuta baba mkwe anaishi kama mtawa, akambeba moja kwa moja kwa daktari wa masikio. Walimkalisha kwenye kichumba cha kupimia masikio, akabonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Daktari akatazama karatasi, akatazama karatasi ya mwaka uliopita, akasema hakuna kilichobadilika, tena sikio la kushoto lina nafuu kidogo.

Mzee Pyo hakwenda kwake kwanza. Alikwenda kugonga mlango wa Ki-tae kwa ngumi.

"Mzee," Ki-tae alisema alipofungua, "si wanasema husikii?"

"Nasikia! Hilo ndilo lililonileta! Mkeo yuko wapi?"

Bok-nim akatokea jikoni, kisu mkononi, vitunguu majani kwenye mkono wa pili. Mzee akainua karatasi ya daktari.

"Mama Da-sol. Masikio yangu ni yaleyale. Vipokea sauti ni vilevile. Nyumba ni ileile. Naomba uniambie, ni kitu gani kilichobadilika nyumbani kwangu tarehe kumi na moja alasiri?"

Vitunguu vikamponyoka Bok-nim. Hakuhitaji kufikiri.

"Sauti," alisema. "Nimeizima sauti."

Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne bila kukumbuka kuweka kisu chini. Ki-tae akamfuata nyuma akimbembeleza amkabidhi. Mle ndani akafungua ile orodha, akashuka, na kweli, huduma ya sauti ilikuwa pale, mbele yake pameandikwa: imezimwa. Akaibadilisha ianze yenyewe. Akabonyeza ianze sasa.

Ikakataa.

Akabonyeza tena. Ikakataa tena. Nyuma yake alisikia Mzee Pyo anavyopumua, akabonyeza mara ya tatu, ya nne, yeye ambaye hakubabaika siku sufuria la supu ya watoto mia sita lilipopinduka.

"Usiharakishe," Ki-tae alisema taratibu. "Mtambo ukigoma, tazama kinachouvuta."

Hapo ndipo alipokumbuka maneno ya Su-jin, kwamba zipo huduma zilizoshikana mikono, moja haisimami mpaka nyingine isimame. Akafungua ukurasa unaoonyesha huduma ya sauti inamtegemea nani. Palikuwa na jina la nyingine chini yake, ile inayotambua kama umechomeka vipokea sauti au spika. Akaitafuta. Nayo ilikuwa imezimwa, kwa mkono wake mwenyewe, siku ileile, bila shaka katikati ya habari za lifti. Akaiamsha ile ya chini kwanza. Kisha ya juu.

Wimbo uliokuwa umeachwa ukienda bila sauti ukalipuka. Vipokea sauti vilikuwa mezani, vimeongezwa mpaka mwisho, na sauti ya mwanamke ikatoka humo na ngoma yake, ikakwaruza hewa ya chumba kizima. Ki-tae akaruka. Kikombe kikaanguka.

Mzee Pyo hakuvivaa. Alikaa chini sakafuni, akavipakata mapajani kama mtoto wa mbwa, akasikiliza hivyo hivyo kwa muda. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Siku tisa," alisema mwishowe. "Nimewaandikia barua wenzangu wa bao, nimewaaga."

"Nisamehe, Mzee wangu."

"Nimempa dada yangu habari kwamba nimekuwa gogo lisilosikia."

"Nisamehe."

"Na ile supu yako ilizidi chumvi."

Bok-nim hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili.

Lakini aliporudi nyumbani aliifunika kompyuta kitambaa chake, akatangaza kwamba basi, imetosha. Simu tatu zilikuja, zote tatu akazikataa.

"Mimi nimewahi kuchana mita sitini za hariri kwa sababu ya bolti moja," Ki-tae alisema. "Kesho yake niliamka, nikaenda kazini."

"Hariri haina masikio."

Ki-tae akachukua karata zake, akashuka chini.

Siku ya tano Mzee Pyo alikuja tena. Safari hii hakugonga kwa ngumi. Alikuwa amevaa tai, na kwapani alikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi na rula ya chuma. Alivua viatu, akakaa, akakataa chai mara mbili na kuikubali ya tatu.

"Mama Da-sol, kosa lako siku ile lilikuwa nini?"

"Nilizima sauti."

"Sivyo. Kuzima ni ajali, na ajali humpata yeyote. Kosa lako ni kwamba hukuandika. Kama ungeandika, asubuhi ile ningesoma: sauti, imezimwa, na Seol Bok-nim. Ningekasirika, ndiyo. Lakini ningejua kwamba si mimi."

Bok-nim aliinamisha kichwa. Neno lile la mwisho lilimchoma kuliko kelele zote za mlangoni.

Mzee akafungua daftari, akapiga mistari kwa rula. Jina la huduma. Ilivyokuwa. Ilivyobadilishwa. Tarehe. Na mwisho kabisa, nafasi ya mwenye nyumba kutia sahihi kwamba ameelezwa na amekubali, nakala moja ibaki kwake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbe hata kimya kinahitaji daftari lake. Siku hiyo walianza na kompyuta ya mzee mwenyewe, huduma zote arobaini, moja moja, na kati ya hizo walirudisha sita.

Kuanzia hapo walitembea wawili. Bok-nim alikaa mbele ya kioo, Mzee Pyo akakaa kando na kalamu, akiwahoji wenye nyumba.

"Je, unatumia printa? Jibu ndiyo au hapana."

"Mara chache, Mzee, labda kama..."

"Ndiyo, au hapana?"

"Nimeshtakiwa nini jamani?" watu walilalamika. Lakini Mama Gyeo-re wa jengo la pili alipopiga simu kwamba karatasi hazitoki, Mzee Pyo alifunua ukurasa, akamsomea mstari wa kumi na nne, Bok-nim akamwelekeza pa kubonyeza, na kabla mama yule hajamaliza kumsimulia habari za mashemeji waliokuwa wanasubiri hizo karatasi, printa ilikuwa imeanza kutema. Su-jin alipopata habari, alimwomba Mama Da-sol aje kila Alhamisi amsaidie darasani. Ki-tae alijiandikisha, akakaa safu ya nyuma, na ndiye aliyeongoza kwa kupiga soga.

Mwezi wa sita Mzee Pyo aliomba waende kisiwani Namhae kwa dada yake, yule aliyeambiwa habari za gogo. Pyo Mal-hui alikuwa na miaka themanini na mitatu na shamba la vitunguu saumu kando ya nyumba. Aliwapokea kwa kumfinya mdogo wake sikio.

"Unasikia?"

"Aa! Nasikia, Dada!"

"Umenitoa machozi ya bure, mjinga wewe."

Kompyuta yake ilikaa jikoni, karibu na dirisha. Waliiwasha, ikachukua dakika tisa kwa saa ya Mzee Pyo. Bok-nim akafungua orodha, mzee akafungua daftari, na bibi akasimama nyuma yao, mikono kiunoni.

"Mnatafuta nini humo?"

"Kuna huduma mia mbili na nane, Dada," Bok-nim alieleza. "Zinafanya kazi chinichini, ndiyo maana inachelewa kuamka."

"Mia mbili na nane wananifanyia kazi mimi?"

"Si watu, Dada. Na nyingi hazina kazi. Tukizizima, itawaka upesi."

"Upesi niwahi wapi?" Bibi alicheka. "Mwanangu, mimi nikibonyeza hiki kitufe natoka kumwagilia vitunguu. Nikirudi, iko tayari. Mkiiharakisha, nani atamwagilia vitunguu vyangu?"

Bok-nim akamtazama Mzee Pyo. Mzee Pyo akatazama daftari, akafikiri kidogo, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa mahakamani: mwenye nyumba ameelezwa, amekataa. Dada yake akamnyang'anya kalamu, akatia sahihi kubwa iliyovuka mistari miwili.

"Hakuna chochote unachotaka tukufanyie?" Bok-nim aliuliza, maana kutoka Jinju mpaka kule si karibu.

"Herufi. Zimekuwa kama siafu."

Hilo lilichukua dakika moja. Bibi akasogea, akarudi nyuma hatua tatu, akasoma barua ya mjukuu wake kwa sauti kutoka kwenye sinki, neno kwa neno, bila miwani. Kisha akaweka mezani sufuria ya dagaa waliopikwa na pilipili, na rundo la saladi ya majani lililokuwa bado linadondosha maji, akawaamuru waoshe mikono.

"Kula, Mama Da-sol," alisema, akimfungia dagaa na wali ndani ya jani na kumtia mdomoni kabla hajajibu. "Huyu mdogo wangu anasema supu zako zina chumvi. Mimi nimemlea, namjua, hajawahi kusifu chakula cha mtu."